Walimu wa Kuanzisha Makanisa: Wafundishwe Wapi?

Katika mkutano wa walimu wa mtaa wetu liliulizwa swali moja, na jua lilikuchwa hatujalimaliza. Twaona ni vema kuliandika hapa, ili wasomaji walio mbali nao walifikiri, maana hatudhani kwamba ni swali letu peke yetu. Nalo ni hili: mtu wa kijijini akianza kukusanya Wakristo wachache chini ya mwembe, wakawa kumi, wakawa thelathini, hata wakajenga banda la kusalia kwa mikono yao wenyewe, je, mtu huyo aondolewe akasome chuoni miaka mitatu, na mahali pake awekwe mwingine mwenye cheti? Ama aachwe pale pale, na mafundisho yamfuate?

Sisi tuandikao ni walimu watatu wa nchi ya juu ya Wamakonde, upande wa Newala. Kazi yetu ni kuwafundisha wainjilisti na wakatekista, ambao ndio huingia kwanza katika vitongoji visivyo na kanisa. Padre huja nyuma yao, na askofu huja nyuma ya padre. Lakini wa kwanza kukaa na watu, kula ugali wao na kuzika maiti wao, ni mtu huyu asiye na kanzu nzuri. Kwa hiyo namna ya kumwandaa si neno dogo. Kanisa jipya huchukua sura ya yule aliyelianzisha, kama vile chungu kichukuavyo alama za vidole vya mfinyanzi, na alama hizo hazifutiki chungu kikisha kuchomwa.

Mtu aliyetuletea swali hili hatutamtaja jina, kwa kuwa mambo yake bado hayajaamuliwa. Akaa katika kitongoji kimoja kwenye mteremko ushukao bonde la Ruvuma. Ni mkulima wa mikorosho, umri wake wapata miaka arobaini, ana mke na watoto watano, na elimu yake ni ya shule ya msingi. Hakutumwa na mtu. Alihamia huko kwa ajili ya shamba aliloachiwa na mjomba wake, akaona hakuna kanisa karibu, akaanza kusali siku ya Jumapili pamoja na watu wa nyumba yake na jirani wawili. Leo, baada ya miaka minane, wako watu sitini na zaidi. Tena, na hili ndilo lililotustaajabisha, wawili katika wasikilizaji wake walipohamia kwingine, mmoja kwa kuoa na mmoja kwa biashara ya duka, kila mmoja alianza kusanyiko huko alikokwenda, akifanya kama alivyoona kwa mwalimu wake. Sasa makusanyiko ni matatu, wala mtaa haukutoa hata senti moja, isipokuwa mabati ya banda la kwanza.

Wazee wa halmashauri ya mtaa wana hoja zao, na si za kudharauliwa. Wasema kwamba mtu huyu hawezi kueleza imani ya Utatu pasipo kuchanganya maneno. Wasema kwamba siku hizi wahubiri wa kupita huja na vipaza sauti na jenereta, huhubiri siku tatu, na wakiondoka huondoka na nusu ya watu. Wasema kwamba vijana wana simu mikononi, husikia mahubiri ya nchi zote, kisha humwuliza mwalimu wao maswali asiyoweza kuyajibu. Mzee mmoja alisema kwa uchungu kwamba mtungi mtupu haumnyweshi mtu. Yote hayo ni kweli. Sisi tumekaa darasani miaka mingi, wala hatuwezi kusema kwamba elimu si kitu. Tumewaona kwa macho yetu watu wenye bidii iliyochanganyika na ujinga, ambao waliwakataza wagonjwa wasinywe dawa za hospitali, na misiba iliyofuata hatupendi kuisimulia.

Lakini tumeona na jambo la pili, nalo halisemwi mkutanoni kwa sababu ya haya. Vijana kadhaa wa upande wetu wamepelekwa vyuo vya mbali kwa nia njema kabisa. Wengine wamerudi wakawa watumishi wa kutegemewa, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Wengine hawakurudi, waliuona mji, wakaona umeme na maji ya bomba, na huku kwetu wakati wa kiangazi maji hununuliwa kwa ndoo. Na wengine walirudi, lakini hawakurudi kwao. Walipelekwa vitongoji wasikozaliwa. Hawakujua ukoo wa mtu, wala nani amegombana na nani juu ya mpaka wa shamba, wakasimama siku ya kwanza kuwafundisha wazee kwa maneno ya darasani. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwalimu wa namna hii huiburura kamba yake miaka miwili au mitatu kabla ya watu kumzoea, na mara nyingi kamba haijakatika bado, naye amekwisha kuhamishwa.

Tena liko neno la mshahara. Aliyesomeshwa miaka mitatu hutazamia kulipwa kama msomi, wala hatumlaumu, maana ana watoto wa kulisha na ameacha shamba lake likamea magugu. Lakini watu sitini walimao mihogo na kunde, na wanaongoja bei ya korosho kila mwaka kama mtu angojaye mvua, watamlipa nini? Basi hulipwa na mtaa, na mtaa hauna fedha ya kuwalipa wengi. Kwa hiyo idadi ya makanisa mapya huwa sawasawa na idadi ya mishahara iliyopo. Hapo ndipo kazi isimamapo. Haisimami kwa kukosa watu wenye imani, ila kwa sababu tumeifunga imani yao kwenye mfuko wetu mdogo.

Nchi yetu hii ina kumbukumbu ya jambo hili hili, nasi twashangaa kwamba mkutanoni hapana aliyeitaja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akashukia Lindi, akawaweka Masasi. Huo ndio mwanzo wa misheni ya UMCA katika nchi hii ya kusini. Walimu walitoka wapi? Wengi walitoka Kiungani, chuo cha misheni hiyo kisiwani Unguja, ambako vijana waliookolewa katika majahazi ya watumwa walifundishwa kusoma, kuandika na kuhubiri. Mwaka 1888 Kiungani ilianza kuchapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi, na walimu waliotawanyika barani waliandika humo habari za vituo vyao. Kwa hiyo sisi tuandikao leo twafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wenzetu zamani.

Katika vijana wa Kiungani alikuwako Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyeonja utumwa katika utoto wake. Alisomeshwa Kiungani, akapelekwa hata Uingereza kusoma, akaoa. Mwaka 1886 alipewa ushemasi, akatumwa Chitangali, kwa mtawala Barnaba Nakaam, si mbali na hapa tuandikapo. Mwaka 1890 akapewa upadre, naye ndiye Mwafrika wa kwanza katika misheni ile kupata daraja hiyo. Alikaa Chitangali na mkewe na watoto wake miaka kumi na mmoja hivi, na muda mwingi wa miaka hiyo hapakuwa na Mzungu karibu wa kumsimamia. Kanisa likakua, na shule zikafunguliwa. Askofu Charles Smythies, aliyekuwa mtu mgumu wa kusifu ovyo, alipendezwa sana na kazi ile.

Wale wapendao vyuo vya mbali watasema mara moja: Je, hamwoni? Huyu alisoma mbali kupita wote, na kazi yake ilifaulu. Neno hili ni la haki, nasi hatulikwepi. Elimu ya mbali haikumharibu Majaliwa. Lakini tuangalie ni nini kilichofuata elimu ile. Aliachwa. Alipewa mahali, akapewa na mamlaka ya mahali pale, akakaa muda wa kutosha hata watoto aliowabatiza wakawa vijana. Watu wa Chitangali hawakuwa na haja ya kuuliza mkubwa wake ni nani, maana walimwona yeye akiamua. Mambo mawili yalikutana, mafunzo na kuaminiwa, na hatujui ni lipi lililozaa zaidi, lakini twajua kwamba Kiungani ilitoa vijana wengi wenye mafunzo, na waliopewa la pili walikuwa wachache.

Mwaka 1897 Majaliwa akaitwa kurudi Unguja. Tangu mwaka 1890, alipopatikana padre wa kwanza, hata mwaka 1955, Yohana Omari alipowekwa kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana katika Tanganyika, ni miaka sitini na mitano. Mtu aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa mzee mwenye wajukuu. Na jambo la kuchekesha, kama lina cha kuchekesha, ni kwamba katika muda huo wote watu walikuwa wakisema kwamba Waafrika hawajawa tayari, hali walikwisha kuonyesha utayari wao wakati ambapo hapakuwa na mwingine wa kuifanya kazi.

Twasema juu ya vita vya 1914 hadi 1918. Wajerumani waliwakamata wamisionari Waingereza na kuwaweka kifungoni. Baadhi ya mapadre na walimu Waafrika nao walifungwa na kuteswa kwa kudhaniwa kuwa wapelelezi. Waliobaki ndio waliolichukua kanisa mabegani: walisalisha, walifundisha watoto, walizika, walibatiza. Vita vilipokwisha, Wazungu waliorudi walikuta kanisa liko hai. Upande wa kaskazini ilikuwa hivyo hivyo kwa Walutheri, maana wamisionari wao Wajerumani waliondolewa baada ya vita, na walimu wa Kichagga wakashika kazi. Shida ilifanya kwa siku chache kile ambacho mipango mizuri ilikiahirisha miaka mingi.

Msomaji atauliza kama hii ni desturi ya kwetu tu. Hapana, na tukivuka ziwa twaona mfano mwingine. Katika Uganda, baada ya uamsho wa mwaka 1893, mabanda madogo ya kusomea yalienea kila upande wa Buganda, nayo yaliitwa sinagogi. Ndani ya banda palikuwa na mwalimu mmoja ambaye labda alimzidi mwanafunzi wake kwa kitabu kimoja tu. Biblia nzima ya Kiganda ilipomalizika, mwaka 1896, ilichapwa nene na fupi, ipate kuingia katika kopo la biskuti, mchwa wasiile. Twaipenda sana habari hii ya kopo, kwa sababu yaonyesha kwamba waliochapa kitabu walikumbuka kwamba msomaji wake hakai katika nyumba ya mawe. Askofu Alfred Tucker naye alishikilia kwamba wainjilisti wa Kiganda walishwe na Kanisa la Uganda lenyewe, si kwa fedha ya Uingereza. Wengine walidhani kwamba neno hilo litadhoofisha kazi. Badala yake wainjilisti wakafika Toro, Bunyoro na Ankole, hata ng'ambo ya mto Semliki.

Aliyevuka Semliki mwaka 1896 ni Apolo Kivebulaya. Mbele yake walikwisha kwenda Mboga walimu wawili Waganda. Lakini mtawala Tabaro aliwanyima chakula, nao wakarudi. Apolo alipofika na kunyimwa vile vile, alichukua jembe akalima mwenyewe. Kwa Waganda wa siku zile kulima ilikuwa kazi ya wanawake, na mwalimu mwenye jembe alionekana kitu cha ajabu. Lakini watu wa Mboga walimwona shambani kabla hawajamsikia akihubiri. Kisha likampata jaribu. Siku walipokuwa wakikata nyasi za kuezekea kanisa, ndugu yake Tabaro wa kike aliangukia mkuki uliokuwa umefichwa nyasini, akafa. Apolo akashitakiwa kwamba ameua, akapelekwa Toro kufungwa. Huko kifungoni, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo. Alipofunguliwa alirudi Mboga, mahali pale pale. Baadaye Tabaro akabatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo hakuwa msomi mkubwa. Alipewa ushemasi mwaka 1900 na upadre mwaka 1903, akiwa amekwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Yaani daraja ilimfuata kazini, hakuifuata yeye chuoni. Alizoea kuwachukua vijana wakae naye nyumbani mwake, wale naye, walime naye, kisha akawatuma vijijini wakafundishe. Alipokuwa mzee alikwenda mwituni kwa Wambuti. Alikufa mwaka 1933, na aliomba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, ingawa desturi ya kwao ilikuwa nyingine, kwa sababu kazi ilikuwa bado upande ule. Kanisa la Kianglikana katika Kongo lina mwanzo wake katika kile kijiji cha Mboga, na tangu mwaka 1992 ni jimbo kamili lenye askofu mkuu wake.

Yuko na Mwingereza mmoja ambaye yafaa atajwe. Ni padre Roland Allen, aliyekuwa mmisionari katika China ya kaskazini tangu mwaka 1895 hata 1903. Mwaka 1912 alitoa kitabu kilichowaudhi wengi, akiuliza kama njia za misheni ni njia za Mtume Paulo au ni zao wenyewe. Alisema kwamba Paulo hakukaa mahali pamoja miaka ishirini. Alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, na mahali pengi chini ya hapo. Kisha aliweka wazee katika kila kanisa, akawaachia Injili, ubatizo na meza ya Bwana, akaenda zake. Mwaka 1930 aliandika tena, akitaka watu wenye kazi zao za mikono wapewe upadre bila kungoja mshahara wala chuo kirefu, kwa sababu Wakristo wengi wa vijijini walikaa miezi na miezi pasipo Ushirika Mtakatifu. Huyu mzee alihamia Kenya katika uzee wake, akajifunza Kiswahili, akawa akifasiri tenzi zetu kwa Kiingereza, pamoja na ule Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani wa Hemed Abdallah. Akafa Nairobi mwaka 1947. Twadhani kwamba mtu awezaye kukaa chini na kujifunza utenzi akiwa na umri ule alikwisha kuelewa ni nani awe mwalimu na ni nani awe mwanafunzi.

Maneno ya Allen kwetu si ya kitabuni tu. Katika kile kitongoji cha mteremko wa Ruvuma watu hupata Ushirika Mtakatifu mara mbili kwa mwaka, au mara tatu njia zikiwa kavu. Padre wa mtaa ana makanisa mengi, na pikipiki yake ni moja. Mwaka jana mama mmoja mzee, aliyekuwa mnara wa kusanyiko lile, aliugua wiki tano, akaomba Ushirika kila siku, akafa kabla padre hajafika. Mwalimu wake alikuwa ameketi karibu na kitanda chake muda wote huo, na alichoweza kumpa ni zaburi na maji ya kunywa. Wanaosema kwamba habari ya kuwafundisha na kuwaweka wakfu watu wa namna hii ni ya kungoja, tungependa waende wakakae na watoto wa mama yule jioni moja.

Basi mafundisho yatamfuataje mtu? Jambo hili limejaribiwa kwingine. Mwaka 1963 Wapresbiteri wa Guatemala, katika Amerika ya Kati, waliona kwamba wengi waliosomeshwa chuoni hawarudi kuchunga makanisa ya mashambani, na wale ambao kwa kweli wanayachunga hawawezi kuacha mashamba na jamaa zao. Wakaugeuza mpango: mwanafunzi akasoma kwao, na mwalimu akamwendea. Njia hiyo ilienea nchi nyingi, na kwetu yaitwa elimu ya theolojia kwa enezi. Si kitu kigeni tena. Lakini katika mitaa mingi hutazamwa kama elimu ya wale walioshindwa kupata elimu yenyewe, na vitabu vyake hukaa kabatini.

Sisi twafanya hivi. Tuna mahali panne pa kukutania, na kila baada ya wiki mbili twakutana siku mbili na wanafunzi wa mahali pale, isipokuwa wakati wa kupulizia mikorosho salfa na wakati wa kuokota korosho, maana tungefundisha viti vitupu. Mwanafunzi huja na unga wake na kunde zake. Hapewi somo jipya mpaka asimulie jinsi alivyolifundisha lile la kwanza kwa watu wake, na ni maswali gani waliyomwuliza. Na maswali hayo ndiyo huwa somo letu la asubuhi. Hivyo yule mkulima aliyechanganya maneno ya Utatu aliulizwa na mtoto wa miaka kumi kama Yesu alipokuwa akisali alikuwa akijisalia mwenyewe. Alituletea swali hilo. Tulikaa juu yake siku nzima, na alipoondoka alikuwa na jibu ambalo wengine wenye vyeti hawana. Mtihani ni wa mdomo, mbele ya wazee wa kusanyiko lake mwenyewe, nao wana ruhusa ya kuuliza.

Sharti letu moja halibadiliki: kila mwanafunzi aje na mtu wa pili, mdogo kuliko yeye, anayemfundisha huko kwake. Asiye na mtu wa pili hasongi mbele. Wengine walinung'unika, wakisema twawaongezea mzigo, na mmoja alituacha kwa sababu hiyo. Lakini tumeona kwamba palipo na wawili, mmoja akiugua au akihama, kusanyiko halivunjiki. Sharti jingine tumeliweka kwa sababu ya yale tuliyoyaona zamani: mwalimu amwombee mgonjwa, kisha ampeleke zahanati, na akikataa kumpeleka hana nafasi kwetu.

Wake zao nao wana darasa, ingawa twakiri kwamba bado ni dogo kuliko ipasavyo. Katika makusanyiko mapya wanawake ndio wengi, na mara nyingi mke wa mwinjilisti ndiye aendaye kwa mzazi usiku na kwa mfiwa alfajiri. Kumpeleka mume chuoni na kumwacha mke na jembe na watoto watano ni kuligawa kanisa lile sehemu mbili. Jambo hili halina hesabu katika bajeti ya halmashauri yo yote tuliyopata kuiona.

Wenzetu wengine wa ualimu hawakubali. Wasema tutapata mapadre wenye matope miguuni, na kwamba heshima ya daraja itashuka. Mmoja wao, rafiki yetu wa tangu utoto, alituambia wazi kwamba twataka kujenga makanisa ya bei nafuu. Tulimjibu kwamba Paulo alishona mahema. Akasema kwamba Paulo alikwisha kusoma miguuni pa Gamalieli kabla ya kushika sindano. Tulicheka wote, na jibu lake twaliheshimu; ndiyo maana hatuombi vyuo vifungwe. Vyuo ni vya lazima ili wapatikane walimu wa walimu, na watu wa kufasiri na kuandika vitabu, na watakaojibu mafundisho ya uongo kwa maarifa. Tunalokataa ni kumng'oa mti uliokwisha kushika mizizi, tukaupeleke kwenye bustani nzuri, kisha tukapande mche wa bustani mahali pake katika ardhi isiyoujua.

Yeye mwenyewe tulimwuliza anataka nini. Alikuwa akipalilia, akasimama kidogo. Alisema kwamba akitumwa atakwenda, maana hakuwahi kukataa kutumwa. Lakini aliuliza ni nani atakayeshika darasa la ubatizo, kwa kuwa watu kumi na mmoja wangojea Pasaka, na wawili kati yao ni ndugu waliopatanishwa juzi na wakiachwa watagombana tena. Kisha akauliza kama yule kijana mwenye cheti anajua kulima. Hakusema kwa dhihaka. Alitaka kujua kama amwachie na mbegu.

Halmashauri itakutana korosho zikisha kuuzwa. Tumekwisha kuandika barua yetu, na ndani yake tumeomba mambo mawili: kwamba abaki mahali pake na kusoma kwetu miaka mitatu hiyo hiyo ambayo angeisoma mbali, na kwamba, akimaliza na kushuhudiwa vema na watu wa makusanyiko yale matatu, jina lake lipelekwe kwa askofu apewe ushemasi, na baadaye upadre, huku akiendelea na shamba lake. Wazee wawili wametia sahihi pamoja nasi, na mmoja wao ni yule aliyesema habari ya mtungi mtupu. Mtu wa pili wa mwanafunzi wetu, kijana wa miaka ishirini na mbili afundishaye watoto, amekwisha kuanza kitabu cha kwanza.